Anti yupi, wa kwa mama au wa kwa baba?

Jamani, kwetu tuliaminishwa kwamba kusema "anko" na "anti" ndio usomi. Sasa tumefika Stockholm, na Waswidi wenyewe hawana habari na hayo. Dada wa mama ni moster, wa baba ni faster. Kaka wa mama ni morbror, wa baba farbror. Waturuki wa hapa, ambao wengi asili yao ni Kulu, mkoa wa Konya, nao wanatenga: teyze na hala, dayı na amca. Hiyo amca shina lake ni la Kiarabu, sawa na ami yetu ya pwani. (Hala pia ni ya Kiarabu, ila kwa Waarabu ni dada wa mama. Waturuki wamemhamishia kwa baba!)

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Waswidi waliacha kuitana kwa vyeo, na leo hata profesa anaitwa "du". Lakini moster hawakumgusa.

Sisi je? Mama mdogo ni mama, anakuchapa na kukulisha siku hiyo hiyo. Shangazi ni mwenye sauti upande wa baba. Kwa wengi wetu posa haiendi bila yeye. Mjomba ndiye unayemkimbilia baba akikasirika. Mtoto wa hapa anayewaita wote "anti" na "anko", jirani akiwemo, siku ya shida atampigia simu nani?

Mpwa wangu nimeshamwambia: akiniita anko, siitiki.