Chipukizi apimwe kwa dakika, si kwa jezi

UPEPO WA KUSI
Na Somoe Mpili

Ligi Kuu inapokaribia ukingoni, vijiwe vya kahawa kuanzia Kilwa Kivinje hadi Lindi mjini huliacha swali la bingwa, ambalo tangu Azam walipobeba kombe msimu wa 2013/14 limekuwa na majibu mawili tu, Simba au Yanga, na kuingia kwenye swali tamu zaidi: chipukizi bora wa msimu ni nani? Utamu wake unatokana na kwamba hakuna msimamo wa ligi wa kulimaliza. Tatizo ni kwamba wabishi wanapima vitu tofauti. Mmoja anazungumzia kipaji, mwingine umaarufu, wa tatu anabashiri nani atauzwa Ulaya, na wote wanadhani wanabishania jambo moja. Msimamo wangu ni kwamba tuzo ya chipukizi bora imwendee kijana aliyeifanya kazi ya ligi kwa uzito mkubwa kuliko wenzake katika msimu wake wa kwanza wa kucheza kwa mfululizo, na uzito huo uanze kuhesabiwa kwa dakika. Kwa kipimo hicho, kijana wa Ruangwa au Tanga atamtangulia mara nyingi kijana wa Msimbazi, yaani Simba, au wa Jangwani, yaani Yanga, hata pale ambapo huyu wa klabu kubwa ana kipaji kikubwa zaidi.

Mfano mgumu kwa hoja yangu ni Clement Mzize, kwa hiyo nianze naye. Msimu wa 2022/23 alikuwa kijana aliyepandishwa kutoka timu ya vijana ya Yanga, akicheza nyuma ya Fiston Mayele, ambaye mwisho wa msimu aligawana ufungaji bora na Saido Ntibazonkiza wa Simba, kila mmoja akiwa na mabao 17. Yanga hiyo ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na kulikosa taji mbele ya USM Alger kwa kanuni ya bao la ugenini. Katika timu iliyojaa kiasi hicho, Mzize mara nyingi aliingia kutokea benchi, na kila alipoingia mtu mwenye macho aliona kwamba hapa pana mshambuliaji. Miaka imewapa haki waliosema hivyo. Msimu wa 2024/25 alifunga mabao 14 ya ligi, mawili nyuma ya Jean Charles Ahoua wa Simba, na Novemba 2025 bao lake dhidi ya TP Mazembe lilichaguliwa na CAF kuwa bao bora la mwaka. Watetezi wake watauliza: si mnaona sasa? Tunaona, ila tunachokiona ni cha 2025. Tuzo ya msimu hulipa kazi iliyokwisha kufanyika ndani ya msimu huo. Anayetaka kumlipa mtu kwa kazi atakayoifanya miaka miwili baadaye ana njia yake, nayo ni mkataba mrefu, na Yanga wanajua kuuandika.

Wapo wanaotaka tuzo iangalie ugeni peke yake, yaani yeyote anayeitikisa ligi kwa mara ya kwanza, awe na umri wowote. Sisi wa ukanda huu tuna sababu ya kuipenda hoja hiyo, maana tumeishi na wageni waliotikisa. Namungo walipanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20, msimu wa timu 20 uliokatizwa na corona, wakamaliza nafasi ya nne na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam kule Sumbawanga, ambako Simba waliwafunga 2-1. Ruangwa haina bahari, lakini pwani yote ya Lindi iliwachukua Wauaji wa Kusini kuwa wake. Hata hivyo klabu ilikuwa ngeni na wachezaji hawakuwa wageni wote. Reliants Lusajo, aliyekuwa akiwaumiza mabeki kwa jezi ya Namungo, alikwisha kupita Yanga miaka kadhaa kabla. Ndivyo zilivyo timu nyingi zinazopanda: hununua wazoefu ili zisishuke. Miaka miwili baadaye Geita Gold nao waliingia Ligi Kuu wakiwa na George Mpole, akamaliza mfungaji bora kwa mabao 17, moja zaidi ya Mayele. Kazi kubwa, pengine kubwa kuliko zote za msimu ule, lakini Mpole alikuwa mtu mzima wa soka aliyepita klabu nyingine za ligi hiyohiyo. Kumwita chipukizi kungekuwa kumvunjia heshima.

Wamarekani, wanaopenda kuandika kanuni kwa kila kitu, waliangalia ugeni na kuacha umri, na wamevuna vituko. Mwaka 2001 tuzo ya mchezaji mpya bora wa besiboli katika American League alipewa Ichiro Suzuki, mwanaume wa miaka 27 aliyekwisha kucheza misimu tisa Japani na kuwa nyota wa nchi nzima. Katika NBA, Ben Simmons aliumia, akakosa msimu wote wa 2016/17 akiwa tayari kwenye orodha ya mishahara ya Philadelphia, kisha akaibuka na tuzo ya mwaka uliofuata mbele ya Donovan Mitchell, ambaye alivaa sweta la kumkejeli mbele ya umma. Waingereza wao walishika umri na kuacha ugeni. Tuzo ya vijana ya chama cha wachezaji wao iliruhusu hadi miaka 23 mwanzoni mwa msimu kabla ya kushushwa hadi 21, na kwa kuwa ugeni haukuwa sharti, Ryan Giggs, Wayne Rooney na Dele Alli waliichukua mara mbili mbili. Mtu anakuwaje mpya mara mbili? Kwa ligi yetu ningeandika masharti yote mawili: asiwe amevuka miaka 21 msimu unapoanza, na uwe msimu wake wa kwanza kufikisha dakika 900 za Ligi Kuu. Timu 16 zinacheza mechi 30, yaani dakika 2,700, hivyo 900 ni theluthi tu. Sharti la pili lina faida ambayo watu hawapendi kuisema kwa sauti: hesabu za umri katika soka letu zina historia ya maswali, na mwaka wa kuzaliwa unaweza kurekebishwa kwenye karatasi, lakini dakika alizocheza mtu mbele ya kamera hazirekebishiki.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote linasema dakika humpendelea aliye kwenye timu dhaifu. Timu maskini inamchezesha kijana kwa sababu haina mwingine, kwa hiyo dakika zake ni ushahidi wa ufukara wa klabu tu. Nakubali nusu yake. Dakika 900 ni mlango, na kuingia mlangoni hakumpi mtu tuzo. Baada ya hapo tunauliza alifanya nini humo ndani: alikutana na nani, timu ilipata pointi ngapi akiwepo, makosa yake yaligharimu mabao mangapi. Nusu ya pili naikataa, kwa kuwa inadhani kucheza kwenye timu yenye kikosi chembamba ni nafuu. Kijana wa klabu kubwa akicheza vibaya mara mbili anapumzishwa, na Mcongo au Mghana anachukua nafasi, maana klabu zetu zinaruhusiwa kusajili wageni 12. Wa Namungo akicheza vibaya mara mbili anaanza tena ya tatu, pengine baada ya safari ndefu ya barabara kutoka Ruangwa. Na barabara yenyewe ni hii tunayoijua, iliyokatika Somanga hapa Kilwa Mei 2024 kwa mvua za Kimbunga Hidaya na kuutenga ukanda mzima na Dar es Salaam. Kijana wa Dar anayecheza mechi kadhaa za ugenini bila kuvuka daraja la Mkapa pale Rufiji hana hesabu hiyo mwilini.

Isitoshe, kikosi chembamba hakimaanishi matokeo mabaya. Msimu wa 2023/24 Coastal Union walimaliza nafasi ya nne na kukata tiketi ya Afrika, na kipa wao Ley Matampi alimaliza akiwa na mechi nyingi zaidi bila kuruhusu bao kuliko kipa mwingine yeyote. Mbele yake alisimama Lameck Lawi, beki wa kati kijana kiasi kwamba katika nchi nyingine angekuwa bado timu ya vijana. Mwisho wa msimu Simba na Coastal waligombana hadharani juu ya usajili wake, na klabu hazigombanii mtu wa kujazia benchi. Beki wa kati hafungi mabao ya kurudiwa kwenye televisheni. Mtu anayehesabu mabao tu angempita bila kumwona, na ndivyo vijana wengi wa nafasi za nyuma wanavyopitwa. Kipa kijana ndiye hana bahati kabisa, kwa sababu anayekumbukwa ni yule aliyemfunga.

Kuna wanaojibu kwamba dakika 10 mbele ya umati wa Uwanja wa Mkapa, Al Ahly wakiwa upande wa pili, zina uzito kuliko 90 za Uwanja wa Majaliwa pale Ruangwa alasiri ya jua kali. Kwa moyo wa mtu huenda ni kweli. Ila mechi za Afrika zina tuzo zake, na hii ni ya ligi. Katika ligi hali ni kinyume na wanavyodhani: kijana wa Yanga hakutani na Yanga, wala wa Simba na Simba. Wa Namungo anakutana nao wote, nyumbani na ugenini, mechi nne kwa msimu dhidi ya vikosi viwili bora nchini, na hana kipa wa daraja hilo nyuma yake wala kiungo wa daraja hilo mbele yake. Azam, wenye akademi nzuri kuliko klabu nyingi, wanalijua hili, ndiyo maana Novatus Dismas walimpeleka kwa mkopo Biashara United ya Mara. Kutoka hapo alikwenda Israeli, Ubelgiji, akacheza Ligi ya Mabingwa Ulaya na Shakhtar Donetsk, kisha Uturuki. Simtaji kama utabiri uliotimia, maana utabiri nimeshaukataa hapo juu. Namtaja kwa sababu klabu tajiri ilipotaka kumpa kijana wake kazi halisi, ilimtoa Chamazi, makao yake, na kumpeleka mkoani.

Wapiga kura wa tuzo za namna hii kwa kawaida ni makocha, manahodha na wanahabari, na wote ni binadamu wanaokumbuka kilicho karibu. Julai 2, 2022, Abdul Suleiman Sopu alifunga mabao matatu ya Coastal katika fainali ya Kombe la Shirikisho pale Arusha, sare ya 3-3 ambayo Yanga waliimaliza kwa penalti. Jioni moja nchi nzima ikamjua, na muda si mrefu akawa mchezaji wa Azam. Alistahili kila sifa aliyopata, lakini alikuwa akiitumikia Coastal muda mrefu kabla ya jioni ile, na kama mashuti yale yangegonga mwamba, kazi yake ya miezi yote iliyotangulia isingepungua hata kidogo. Kumbukumbu ya wapiga kura inahitaji msaada, na msaada upo: Azam TV, iliyonunua haki za ligi mwaka 2021 kwa miaka 10 na Sh225.6 bilioni, ina picha za kutosha kuhesabu dakika za kila kijana. Bodi ya Ligi itoe orodha hiyo hadharani wiki mbili kabla ya kura: jina, mwaka wa kuzaliwa, dakika, mechi alizoanza, pointi za timu akiwa uwanjani.

Kwa mtoto anayeanzia Kilwa Masoko hili si suala la sherehe za Dar es Salaam. Njia yake ni ligi ya wilaya, ligi ya mkoa, mabingwa wa mikoa, First League, Championship, ndipo Ligi Kuu, na tangu Ndanda washuke 2020, Namungo ndio mlango pekee wa juu uliobaki kati ya Lindi na Mtwara. Tuzo inayowatazama waliokaa benchi Kariakoo inamwambia wakala wake ampeleke huko mapema, akakae. Tuzo inayotazama dakika inampa sababu ya kubaki misimu miwili Ruangwa, na inaipa Namungo sababu ya kumpanga. Ukifika msimu ambao hakuna kijana wa umri huo aliyefikisha dakika 900 kwa mara ya kwanza, kamati isishushe kiwango ili ipate wa kumpigia picha. Itangaze tu kwamba mwaka huu tuzo haitolewi, kisha iwaite wenyeviti wa klabu 16 jukwaani waeleze kwa nini.