Bastola kiunoni si dawa ya hofu Kisii na Nyamira

KILA mara majambazi wanapovamia boma katika kaunti za Kisii na Nyamira, au ng'ombe wanapovushwa usiku mpakani mwa Borabu na Sotik, hoja moja hufufuka vinywani mwa watu: raia mwema aruhusiwe kujihami kwa bunduki.

Hoja hiyo haitolewi na wahuni. Hutolewa na wafanyabiashara wanaofunga maduka usiku mjini Keroka na Suneka, wahudumu wa bodaboda wanaobeba abiria wasiowajua, na wakulima ambao hupenya katikati ya mikaratusi na majani chai kabla ya mapambazuko. Hofu yao ni ya kweli na hakuna anayefaa kuibeza.

Baadhi yao wamekwisha kuvuka swali la iwapo silaha inahitajika. Wanachobishania sasa ni aina ya kuchagua: bastola nyepesi inayofichika chini ya koti, rivolva isiyokwama kwa urahisi, ama Ceska yenye risasi nyingi kama zile ambazo Wakenya wamezoea kusikia zikitajwa katika ripoti za polisi.

Kabla ya kufika kwenye uchaguzi huo, sheria ina neno lake. Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, haimpi Mkenya haki ya kumiliki silaha. Inampa nafasi ya kuomba tu. Ni lazima mwombaji aonyeshe kwamba ana sababu nzuri ya kuihitaji, na kwamba kuwa nayo hakutahatarisha usalama wa umma. Mlevi wa kupindukia hapewi, wala mtu asiye na akili timamu. Anayekubaliwa hupewa cheti kinachotaja silaha yenyewe na idadi ya risasi, na hapaswi kudhani kwamba amekabidhiwa mali ya kudumu. Cheti hicho hufanywa upya na kinaweza kufutwa.

Tangu marekebisho ya sheria za usalama ya mwaka 2014, uamuzi huo umo mikononi mwa Bodi ya Kutoa Leseni za Bunduki. Mnamo Desemba 2018, Waziri wa Usalama wa Ndani wa wakati huo, Dkt Fred Matiang'i, ambaye ni mzaliwa wa Borabu katika Kaunti ya Nyamira, aliamuru raia wote wenye leseni wapigwe msasa upya katika muda wa siku 90. Kulikuwa na shaka kubwa kuhusu jinsi baadhi ya leseni zilivyopatikana.

Hatua hiyo ilikuwa ya busara, lakini iligusa sehemu ndogo mno ya tatizo. Shirika la utafiti wa silaha ndogo la Small Arms Survey, lenye makao yake Geneva, lilikadiria kwamba kufikia mwisho wa mwaka 2017 kulikuwa na bunduki zipatazo 750,000 mikononi mwa raia nchini Kenya. Zilizosajiliwa zilikuwa takriban 8,000 pekee. Aliyefika mbele ya bodi kupigwa msasa ni yule aliyekuwa tayari kutii sheria.

Katika Gusii, mwenye leseni si yule mchuma majani chai. Bei ya bastola moja yaweza kumnunulia mkulima ng'ombe wa maziwa zaidi ya mmoja, kabla ya kuhesabu nauli za Nairobi, uchunguzi wa daktari, cheti cha tabia njema na mafunzo ya kulenga shabaha. Kwa hivyo silaha halali huishia kwa matajiri na wanasiasa.

Na wanasiasa wa eneo hili hawajawa mfano mwema wa utulivu. Mnamo Februari 2021, wabunge Simba Arati na Silvanus Osoro walikabiliana kwa ngumi mbele ya waombolezaji katika mazishi ya babake aliyekuwa Naibu Gavana wa Kisii, Joash Maangi, huku Raila Odinga akiwa miongoni mwa wageni. Januari 2024, Bw Arati akiwa sasa Gavana, milio ya risasi ilisikika katika hafla yake eneo la Mugirango Kusini na watu wakajeruhiwa. Mtu hana budi kujiuliza siasa hizi zingekuwaje iwapo kila kijana anayekodiwa kuvuruga mikutano angekuwa na chuma kiunoni.

Tuseme hata hivyo kwamba mpita njia amepata leseni na pesa. Je, bastola itamfaa?

Wanaoishabikia husahau jinsi Gusii ilivyo. Njia nyingi za vijijini ni vijia vyembamba vilivyobanwa na ua wa miti upande mmoja na nyasi za ng'ombe au migomba upande wa pili. Kona ni nyingi na miteremko ni mikali. Anayevizia hapo hasimami mita 50 mbele na kujitangaza. Hujitokeza hatua mbili tatu kutoka kwa mhasiriwa, tena gizani, na aghalabu silaha yake ni panga.

Swali hili lilipimwa zamani. Mwaka 1983, afisa wa polisi wa Salt Lake City nchini Marekani, Dennis Tueller, alieleza majaribio aliyoyafanya na wanafunzi wake. Aligundua kwamba mtu mwenye kisu anaweza kukimbia futi 21, yaani zaidi kidogo ya mita sita, katika muda wa sekunde moja na nusu. Huo ndio muda ambao afisa aliyefunzwa vyema huhitaji kuchomoa bastola na kufyatua risasi. Afisa huyo alikuwa mahali wazi, mchana, akijua kwamba anashambuliwa.

Sasa mweke mwalimu wa shule ya msingi kwenye kijia cha Manga au Kiabonyoru saa kumi na moja alfajiri, mkono mmoja umeshika mwavuli, koti limefungwa vifungo kwa sababu ya baridi, na bastola iko chini yake. Aina ya bastola haibadilishi hesabu hiyo. Ile kubwa ni nzito na huchelewa kutoka. Ile ndogo hutoka upesi lakini ni vigumu kulenga nayo shabaha mkono ukitetemeka. Mmiliki asiyefanya mazoezi kila mara, na uwanja wa kufanyia mazoezi hayo hauko kijijini, hubeba uzito tu.

Kisha kuna suala la risasi iliyokosa shabaha. Sensa ya mwaka 2019 ilipata zaidi ya watu 950 kwa kila kilomita mraba katika Kaunti ya Kisii, na takriban 675 katika Nyamira. Ni vigumu kusimama popote na kufyatua risasi kuelekea upande usio na nyumba. Risasi ya bastola husafiri mamia ya mita, na kuta nyingi vijijini ni za udongo au mabati.

Baadhi ya wanaotetea bastola hutoa mfano wa Marekani, ambako watembeaji msituni hubishana usiku kucha kuhusu bastola ipi inafaa. Huko hoja ina msingi wake, kwa sababu katika misitu ya Alaska kuna dubu wenye uwezo wa kumrarua mtu. Na tangu Februari 2010, sheria ya nchi hiyo huruhusu bunduki kubebwa katika mbuga za taifa kwa kufuata kanuni za kila jimbo.

Lakini hata kwa dubu, mambo si rahisi. Utafiti wa Tom Smith na wenzake uliochapishwa mwaka 2012 ulichunguza visa 269 vya watu waliokuwa na bunduki walipokutana na dubu Alaska tangu karne ya 19. Waliofyatua silaha zao hawakuponyoka majeraha kuliko wale waliokuwa nazo wasizitumie. Wengi hawakupata nafasi ya kuzitumia kwa wakati. Utafiti wao wa awali, wa mwaka 2008, ulikuwa umeonyesha kwamba dawa ya kupuliza yenye pilipili ilimzuia dubu wa kahawia katika visa zaidi ya tisa kati ya kumi.

Gusii haina dubu, wala haina mbuga ya taifa. Msitu wake mwingi ni mashamba madogo ya mikaratusi yaliyopandwa kwa ajili ya kuni na mbao. Wanyama wakubwa wako kusini, upande wa Transmara katika Kaunti ya Narok, ambako ndovu hutegemea msitu wa Nyakweri. Atakayetarajia kumzuia ndovu kwa bastola atajiponza. Isitoshe, Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inamfanya mtu anayepatikana na bunduki ndani ya hifadhi bila idhini kuwa mshukiwa, hata kama alikusudia kujilinda tu.

Adui anayehofiwa huku ni binadamu, na mara nyingi ni binadamu anayejulikana. Mashamba yamegawanywa hadi yakawa vipande, na kesi za mipaka kati ya ndugu hazimaliziki. Bastola iliyonunuliwa kwa ajili ya jambazi hulala nyumba moja na ugomvi huo. Yule anayejulikana kijijini kuwa na bunduki huwa pia kivutio kwa majambazi, ambao huitaka silaha hiyo kuliko runinga yake.

Mpakani mambo ni mazito zaidi. Borabu ilikuwa ardhi ya walowezi, ikagawiwa familia za Abagusii katika miaka ya sitini, na tangu hapo imekuwa ukuta kati yao na majirani Wakipsigis. Mapigano ya mwaka 1992 yaliacha vifo na mabanda yaliyoteketezwa. Mapema mwaka 2008, baada ya Mbunge wa Ainamoi, David Kimutai Too, kuuawa kwa risasi mjini Eldoret, ghasia zililipuka tena na soko la Chebilat likateketezwa. Wapiganaji wengi wa pande zote mbili walitumia pinde, mishale na mapanga.

Hilo ni jambo la kutafakari. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa kote nchini katika ghasia hizo, 405 kati yao kwa risasi, zaidi zikiwa za polisi. Iwapo upande mmoja wa mpaka ungekuwa na bastola, upande wa pili haungechelewa kutafuta bunduki kubwa. Maeneo ya wafugaji kaskazini mwa nchi yalianza hivyo hivyo.

Wazee wa Gusii wanaijua bunduki kwa njia nyingine pia. Majeshi ya Waingereza yalipoingia huku mwaka 1905, na tena mwaka 1908 baada ya Otenyo kumchoma mkuki mtawala G.A.S. Northcote, mikuki ilikutana na risasi na wengi wakaangamia. Simulizi hizo bado zipo, na huenda ndizo zinazowafanya wengine kuamini kwamba mwenye bunduki ndiye mwenye usalama.

Pengo la polisi lilipokosa kuzibwa katika miaka ya tisini, wakazi walijaribu njia yao wenyewe. Sungusungu, jina lililotoka kwa Wasukuma na Wanyamwezi wa Tanzania, lilianza kama ulinzi wa vijiji na mwanzoni lilisifiwa kwa kupunguza wizi. Baadaye kundi hilo lilishutumiwa kwa kuhukumu na kuua bila mahakama. Mnamo Oktoba 2010 serikali ililiharamisha pamoja na Chinkororo na Amachuma, katika orodha ya makundi 33. Sungusungu hawakuhitaji bastola ili kuwa tishio kwa watu waliodai kuwalinda.

Ni kweli kwamba marufuku hiyo haikuleta polisi zaidi, na Nyumba Kumi iliyoasisiwa mwaka 2013 imefaulu mahali chifu alipo hodari na kufifia kwingine. Serikali haiwezi kumwambia mkulima asijihami huku kituo cha polisi kikiwa mbali na gari lake halina mafuta. Hapo ndipo lawama inapostahili kuangukia, wala si kwa mkulima anayeuliza bei ya bastola.

Lakini anayeuliza bei hiyo aelezwe pia kinachofuata mlio wa risasi. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinakubali kujitetea, ila mahakama hupima iwapo nguvu zilizotumika zililingana na hatari. Mmiliki atahojiwa kuhusu umbali, giza, na kwa nini hakukimbia. Silaha itachukuliwa kama kielelezo, leseni itakuwa hatarini, na familia ya aliyeanguka itakuwa kijiji kile kile, ikipita kijia kile kile kwenda kituo cha kununulia majani chai.

Wengi wa wanaopita hapo kabla ya jua kuchomoza ni wanawake. Katika mabishano yote kuhusu bastola ipi inafaa kubebwa, ni nadra mmoja wao kuulizwa. Wao hungojana kwenye njia panda, wakaenda pamoja na kurunzi, na wanachodai kwa wawakilishi wao wa wadi ni taa barabarani na vichaka vya kando ya njia vifyekwe.