Mbwa wa kikombe cha chai: udogo si urembo (Sehemu ya 3)



Sehemu mbili zilizopita tuliongea kuhusu minyoo na chanjo ya kichaa cha mbwa. Leo nageukia ile video mnayonitumia kila siku: kimbwa kimekaa ndani ya kikombe cha chai, macho makubwa, na chini mmeandika, "Nesi, huyu si anafaa kwa mtoto?"

Hafai. Na kinachoniuma si usalama wa mtoto wako peke yake.

Tuanze na jina. Hakuna aina ya mbwa inayoitwa hivyo. American Kennel Club, chama kinachoweka vipimo vya mbwa wa ukoo Marekani, hakiitambui. Kwao Chihuahua anatakiwa asizidi pauni 6, yaani kama kilo 2.7, na huyo tayari ni mdogo kabisa. Mbwa wadogo wamekuwepo miaka mingi na sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na anayechukua mbwa ambaye tayari ni mdogo halafu anamminya tena, ili auze nusu kilo kwa maelfu ya dola. Wengi mnaonisoma mkiwa Marekani na Uingereza mnaijua biashara hii, imewazunguka. Ila simu haina mpaka, tamaa inamfikia hadi mama aliyeko Mbagala.

Wanapatikanaje? Kwenye uzao mmoja kuna kitoto dhaifu kuliko ndugu zake, kile kinachosukumwa pembeni wenzake wakinyonya. Mfugaji anakikuza, anakipandisha na dhaifu mwenzake, mara nyingi wa damu moja. Watoto wao wanapandishwa tena. Wapo wanaompunja mtoto chakula ili adumae, na wapo wanaomuuza kabla hajafikisha wiki 8, umri wake wanaupandisha mdomoni tu.

Sasa sikieni. Mimi kazi yangu ni wodi ya watoto wachanga. Mtoto akizaliwa chini ya kilo 2.5 tunaandika: uzito pungufu. Akiwa kilo moja na kitu, hapo hakuna kulala. Tunamlaza kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, kangaruu mnayoijua. Tunamtoboa kisigino kupima sukari. Maziwa yanakamuliwa, anapewa kidogokidogo kila baada ya saa 2 au 3, usiku na mchana. Akiongezeka gramu 20 kwenye mzani, mama anapiga kigelegele na wodi nzima inaitikia. Jasho lote lile ni la kumtoa kiumbe kwenye udogo. Halafu mtu mwingine anatoka jasho ili kiumbe abakie humohumo, na anatuma bei.

Ndiyo maana video zile mimi siwezi kuziangalia kama nyie. Mnachokiita kizuri, mimi nimefundishwa kukiogopa.

"Anatetemeka, anaona aibu!" Hapana dada. Mwili mdogo unapoteza joto haraka na hauna akiba. Akikosa chakula kwa saa chache sukari inashuka, anatetemeka, analegea, anapata degedege, anaweza kufa kabla hujapata usafiri.

"Kichwa cha duara kama tufaha, macho hayooo!" Mama, unaujua utosi wa mwanao, pale panapodunda juu ya kichwa. Kwa mtoto wa binadamu hufunga akifikisha kama mwaka na nusu. Wengi wa mbwa hawa utosi haufungi maisha yote. Mlango mmoja wa kabati ukimgonga hapo, basi. Na wengine kichwa kile kimejaa maji, ugonjwa uleule unaowafanya mama zetu wasafiri mikoa mitatu wakitafuta daktari wa upasuaji wa watoto wenye vichwa vikubwa.

"Anakohoa kama bata, nimecheka!" Koromeo lake la hewa linabonyea. "Anakimbia anakunja mguu mmoja!" Kifuniko cha goti kimehama. "Ulimi unaning'inia pembeni!" Meno yamebanana kwenye taya lisilo na nafasi, yameoza yakatoka, ulimi hauna cha kuuzuia. Wote hao wana likes laki na zaidi.

Na mama yake je? Hilo hakuna anayelirekodi. Nyonga nyembamba, kichwa cha mtoto kikubwa. Nyie mliokaa leba siku mbili mnajua naongea nini. Wengi wanaishia kisu, na akipona wanampandisha tena.

Kuna kitu kilinishinda kabisa. Puerto Rico alikuwepo Chihuahua anaitwa Milly, urefu sentimita 9.65, Guinness wakamtangaza mbwa mfupi kuliko wote duniani mwaka 2013. Watu wakachukua chembe zake, maabara ya Korea Kusini ikamtengenezea nakala 49. Arobaini na tisa! Rekodi ikaja kuvunjwa na Pearl wa Florida, sentimita 9.14, gramu 553, aliyezaliwa na mojawapo ya nakala hizo. Sisemi wenye Pearl wanamtesa, pengine analala pazuri kuliko mimi. Ila tuangalie tunachokipa vikombe.

Ujerumani wana sheria ya kulinda wanyama, kifungu cha 11b kinakataza kuzalisha mnyama ambaye unajua watoto wake watarithi maumivu. Mstari mmoja tu, mbona unaeleweka.

Najua mtaniambia, "Nesi, watoto wa watu wanakosa maziwa, wewe unalia na mbwa." Sawa. Lakini pesa ile ya mbwa wa gramu 600 haikuwa inakwenda kwenye maziwa ya mtoto wa mtu, tusidanganyane. Na mwanao wa miaka mitatu anayefundishwa kwamba kiumbe mgonjwa ni mdoli anajifunza kitu hapo sebuleni. Wengine mtasema, "Ameshazaliwa, mimi namuokoa tu." Ukilipa, umeagiza mwingine. Muuzaji hajui kama ulikuwa na huruma, anajua kimeuzika.

(Wa nguruwe wa kikombe: hao mnadanganywa kinyume. Ni watoto tu. Wanakua, wanapita kilo 50. Hongereni.)

Ukitaka mbwa wa kukua na watoto, mbwa koko aliyechanjwa, mwenye mifupa ya kubeba fujo, anatosha kabisa.

Na wewe ambaye tayari unaye ndani, sijakutukana. Mlishe mara nne au tano kwa siku, kidogokidogo. Usimwache juu ya kochi wala kitandani, mifupa ya miguu ya mbele inavunjika kwa kuruka tu na inachelewa kuunga. Mtoto ambebe akiwa amekaa sakafuni, wewe ukiwepo. Tumia mkanda wa kifuani, si wa shingoni. Ukimkuta amelegea, mpake asali kidogo kwenye fizi, mfunike, kimbia kwa daktari wa wanyama. Na usimpandishe.