Ndege ya kliniki imeacha nini nyumbani?

Kwa miaka mingi, katika baadhi ya vijiji vya Mbulu, siku ya kliniki ilijulikana kwa mlio. Ndege ndogo ikipita juu kuangalia kama mbuzi wameondoka kiwanjani, akina mama wanafunga watoto mgongoni na kushika njia. Anashuka muuguzi, sanduku la baridi la chanjo linafuata, mizani inatundikwa kwenye tawi la mti. Jioni, ndege imesharudi Haydom.

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilifunguliwa mwaka 1955 na wamisionari wa Norway, na sasa iko chini ya KKKT Dayosisi ya Mbulu. Kutoka hapo hadi Mbulu mjini ni takriban kilomita 80, umbali unaoonekana mdogo mpaka mvua inyeshe. Ndiyo maana hospitali ikawa na kiwanja chake, na marubani wa shirika la Kikristo la MAF wakawabeba wauguzi kwenda kutoa huduma ya mkoba. Cessna 206, ndege ya viti sita, inatua hata kwenye nyasi.

Faida yake haikuwa mwendo kasi tu. Chanjo ikipata joto inaharibika, na muuguzi aliyekwama kwenye tope siku nzima anafika na dawa isiyofaa. Kwa mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua mambo ni mabaya zaidi: saa mbili zinaweza kutosha kumuua.

Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam yametunza magari ya viongozi waliotangulia, na ni jambo jema. Ndege ya kliniki, iliyobeba chanjo za watoto wa wakulima na wafugaji, haijapata heshima hiyo. Ikichoka huuzwa ili inunuliwe nyingine, au hufunguliwa vipuri. Huwezi kuwalaumu wenye nayo, kwani fedha ya kutunza bodi tupu ni fedha ya mafuta. Na kutunza ndege kuukuu ni kazi kweli: jua hupasua mpira, unyevu hula aluminiamu, na vipimo vya ndege nyingi za enzi ya Vita Kuu ya Pili vilipakwa radiamu ili vionekane gizani, kitu ambacho mtoto hapaswi kukikwangua.

Australia wameona inafaa gharama. Huduma yao ya madaktari wa ndege ilianzia Cloncurry mwaka 1928, na mji huo leo una makumbusho yanayoisimulia, John Flynn Place.

Lakini si lazima chuma kibaki. Ndege ya kwanza ya MAF ya Uingereza, Miles Gemini ya mbao waliyoiita Mildred, ilivunjika mlimani Burundi mwaka 1948. Waliokuwemo wawili walitoka wazima, na mmoja wao, Jack Hemmings, aliishi zaidi ya miaka 100 akiisimulia safari hiyo. Tunaijua Mildred kwa sababu kuna aliyesimulia.

Huku kwetu wasimuliaji ni bibi zetu, na wengi hawajawahi kuulizwa. Nani alifyeka kiwanja? Nani alifukuza mbuzi? Mama gani alipakiwa akiwa mahututi, akarudi na mtoto, au hakurudi? Simu ya mjukuu inatosha kurekodi, kwa lugha ambayo bibi anaiongea vizuri, iwe Kiiraqw au Kidatoga. Kadi ya kliniki ya zamani nayo isiwashiwe jiko: ina tarehe, uzito, chanjo, pengine na jina la kituo ambacho hakipo tena. Ipigwe picha, kisha iwekwe kwenye bahasha kavu, mbali na moshi na mchwa.

Kuna jambo moja mazungumzo hayo hufunua haraka. Bibi atasema walisubiri ndege kwa sababu hawakuwa na wa kumwita. Leo mjamzito, mama aliyejifungua karibuni au mtoto mchanga akipata dharura, namba ya m-mama ni 115, bila malipo, na gari hutafutwa kutoka huko huko. Katika nyumba nyingi namba hiyo haijaandikwa popote. Iandikwe ukutani, kwa mkaa kama kalamu haipo, mahali ambapo hata mtoto wa darasa la tatu ataisoma.