Kosa la Nusu Sentimita

Mtoto aliyekulia Busia au Tororo huyajua magari kabla hajajua kusoma. Busia ni jina moja lenye miji miwili, mmoja wa Uganda na mwingine wa Kenya. Malori yatokayo Mombasa hupita hapo mchana na usiku, na mengine hushika njia ya Malaba na kuupita Mwamba wa Tororo yakielekea Jinja na Kampala. Hata jina la bodaboda lilizaliwa katika mpaka huo, wakati waendesha baiskeli walipokuwa wakiwabeba abiria kutoka kituo cha nchi moja hadi kituo cha nchi ya pili.

Basi si ajabu kuwaona watoto wa huko wakijitengenezea magari yao wenyewe. Waya hukunjwa ukawa mifupa ya gari, mikebe ya mafuta ya kupikia ikawa mabati yake, soli za ndala zilizochakaa zikakatwa magurudumu, na spoki ya baiskeli ikawa ekseli. Usukani huwekwa juu ya waya mrefu, ili dereva aendeshe akiwa amesimama. Gari likimalizika, wenzake hulizunguka na kulikagua. Mmoja husema, "Lori lile lina ekseli tatu nyuma, wewe umeweka mbili." Mwenye gari hununa kidogo, kisha hulifungua na kuanza upya. Hapo ndipo elimu ilipo, wala si katika kulisukuma barabarani.

Kazi hiyo hiyo, kwa vifaa vingine, hufanywa na watu wazima katika nchi nyingi. Huko Marekani, baada ya Vita Kuu ya Pili, viwanda vya magari viliagiza magari madogo ya plastiki ili wauzaji wawaonyeshe wateja umbo na rangi za magari mapya. Kampuni ya AMT ilianza kazi hiyo mwaka 1948, na kufikia mwaka 1958 ilikuwa ikiuza masanduku ya vipande ambavyo mnunuzi huviunganisha mwenyewe nyumbani. Magari ya zamani ya nchi ile, kama Ford, Chevrolet na Mercury, bado yanaundwa hivyo mpaka leo, na wapenzi wake hawatosheki na vipande walivyoletewa. Huvilinganisha na picha na vipimo vya gari lenyewe, na wakiona paa limekuwa fupi au boneti imevimba kupita kiasi, hulisahihisha kosa la kiwanda kwa kisu na msasa.

Mengi ya magari hayo hutengenezwa kwa kipimo cha moja kwa ishirini na tano. Askari anayejua kusoma ramani hatapata taabu kufahamu jambo hilo. Katika ramani ya moja kwa elfu hamsini, sentimita mbili za karatasi ni kilomita moja ya ardhi. Katika gari la moja kwa ishirini na tano, sentimita nne za plastiki ni mita moja ya chuma. Lakini viko pia vipande vya moja kwa ishirini na nne, na macho hayawezi kuvitofautisha kwa urahisi. Tofauti hiyo ndogo imewaharibia wengi kazi zao.

Ichukuliwe kwa mfano nyumba moja katika kambi ya polisi mjini Tororo. Baba ni sajini, mama hushona nguo, na mtoto wao wa kiume ana umri wa miaka kumi na mitatu. Mjomba wake aliye ng'ambo amempelekea sanduku la gari aina ya Mercury Comet la mwaka 1964. Gari hilo lina habari yake katika Afrika ya Mashariki. Mwaka huo 1964 magari sita ya aina hiyo yaliletwa kutoka Marekani kushindana katika Safari ya Afrika Mashariki, mashindano yaliyoanzishwa mwaka 1953. Yalikuwa na injini kubwa na nguvu nyingi, lakini mawili tu ndiyo yaliyofika mwisho, na ushindi ulichukuliwa na Ford Cortina, gari dogo kuliko hayo. Mtoto alipoisikia habari hiyo kwa baba yake, aliazimia kuunda Comet kama lile lililopita katika barabara za huku.

Hata hivyo sakafu ya gari ilikuwa imevunjika njiani. Akatwaa sakafu ya gari jingine alilowahi kuletewa zamani, akaipachika. Magurudumu ya mbele yalikaa sawa katika nafasi yake, lakini ya nyuma yalikwaruza madigadi. Alikwisha kushika kisu ili aukate mwili wa gari, ndipo baba yake alipoingia kutoka zamu ya usiku.

"Ngoja, mwanangu. Unakata kitu gani?"

"Mwili wa gari, Baba. Umekosewa."

"Umejuaje kuwa uliokosewa ni mwili, si sakafu?"

Mtoto hakuwa na jibu. Baba akavua viatu, akaketi, akaomba rula na kalamu. Katika gari lenyewe, umbali kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya lile la nyuma ni inchi 114, yaani karibu mita 2 na sentimita 90. Wakagawanya kwa ishirini na tano, wakapata sentimita 11 na milimita 6. Wakapima mwili: ulikuwa sawa kabisa. Wakapima sakafu: sentimita 12 na milimita 1. Sakafu ilikuwa ya moja kwa ishirini na nne. Kosa lote lilikuwa nusu sentimita, na mtoto alikuwa karibu kukiharibu kipande kilicho sawa ili kikubaliane na kipande kibovu.

Sakafu ikakatwa katikati, ikaondolewa ile nusu sentimita, ikaungwa tena kwa kipande cha plastiki kilichobandikwa chini yake. Kingo zikapunguzwa kwa msasa, maana gari la kipimo kikubwa huzidi kwa upana pia. Kisha ikafuata kazi ya usukani. Gari la Marekani lina usukani kushoto, kwa kuwa kule watu huendesha kulia. Huku kwetu watu huendesha kushoto, na dereva huketi kulia. Dashibodi ikakatwa vipande vitatu, vya pembeni vikabadilishana nafasi, na pedali zikahamishwa ziufuate usukani.

Wazazi wanaotaka kuwapa watoto wao kazi ya namna hii yafaa wayajue mambo machache. Vipande vioshwe kwanza kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, kwa sababu huja na mafuta ya kiwandani yanayozuia rangi isishike. Kila kipande kijaribiwe mahali pake bila gundi, nacho kishikiliwe kwa kibanio cha nguo au mpira. Gundi ya plastiki haifanyi kazi kama gundi ya karatasi. Huyeyusha pande zote mbili zikawa kitu kimoja, na kosa lililokwisha kukauka ni gumu kuliondoa. Kipande kilichopinda hutiwa katika maji ya moto yasiyochemka, kikanyoshwa polepole.

Jambo lililo kubwa zaidi ni usalama. Moshi wa gundi na wa rangi hudhuru kichwa na mapafu, na hushika moto upesi. Kazi ifanyike nje au penye madirisha wazi, mbali na jiko na koroboi. Kisu na wembe vikabidhiwe kwa mama au baba kazi inapokwisha, na watoto wadogo wasikaribie, maana vipande vidogo huingia kinywani kwa urahisi. Nyumba isiyo na sanduku la plastiki haikukosa kitu. Waya na mikebe hufundisha yale yale, ikiwa tu mtoto atapewa rula na kuulizwa gari lake ni la kipimo gani. Kingo za mikebe zikunjwe ndani ili zisimkate.

Sasa usukani ulipokwisha kukaa kulia, mtoto aliuliza swali ambalo baba yake hakulitazamia.

"Baba, na wewe ukikosea kipimo kazini, hufanya nini?"

Sajini hakujibu upesi. Usiku ule ule alikuwa amefika penye ajali katika barabara ya Malaba, ambapo lori na pikipiki ya bodaboda viligongana. Mwendesha pikipiki alikuwa amevunjika mguu na kupelekwa hospitali, hajaweza kusema neno. Mvua ilikuwa ikinyesha, na utepe wa kupimia ulibaki kituoni. Kwa hiyo sajini alipima kwa hatua zake. Kutoka ukingo wa barabara upande wa pikipiki hadi pale chuma kilipokwaruza lami, alihesabu hatua nne, akaandika mita 4 katika daftari lake na katika mchoro. Barabara ilikuwa na upana wa mita 7, na katikati yake ni mita 3 na nusu. Kwa hesabu hiyo, pikipiki ilikuwa imevuka katikati na kuingia njia ya lori. Mwenye kuvunjika mguu ndiye angekuwa mkosa.

"Baba watoto, hujalala, na chai inapoa," mkewe akamwambia alipomwona anavaa viatu tena.

"Nitainywa nikirudi, Mama watoto. Kuna kitu nimeacha njiani."

Alipitia kituoni, akachukua utepe, akaenda na mwenzake wa kushuhudia. Vioo vilikuwa vimekwisha kufagiliwa, lakini alama ya chuma ilikuwa bado katika lami, haikuoshwa na mvua. Walipima mara ya kwanza, wakapima mara ya pili: mita 3 na sentimita 10. Hatua za mtu anayetembea gizani katika mvua ni fupi kuliko za mchana. Pikipiki ilikuwa katika njia yake yenyewe.

Kosa la plastiki huondolewa kwa msasa lisionekane tena. Kosa la daftari la polisi halifutwi hivyo. Sajini hakuchana ukurasa wala hakuandika juu ya tarakimu ya kwanza. Alipiga mstari mmoja juu yake, isomeke bado, akaandika kipimo cha kweli pembeni, akatia sahihi yake, tarehe na saa. Mwenzake naye akatia sahihi. Kisha akaenda kwa mkubwa wake akamweleza, tena kwa kinywa chake mwenyewe, kwamba kipimo cha kwanza kilichukuliwa kwa hatua na hakikuwa sawa. Ilikuwa aibu ndogo ya asubuhi moja. Kama angenyamaza, aibu hiyo ingebebwa miaka mingi na mtu mwingine, mwenye mguu uliovunjika na watoto wa kulisha.

Jioni aliikuta Comet mezani, bila rangi, imesimama sawa juu ya magurudumu yake manne. Alipoinama kuitazama chini, aliuona mshono wa ile nusu sentimita. Mtoto akasema ataufunika kwa rangi kesho.

"Juu paka rangi yote," baba yake akamjibu. "Huku chini uache uonekane. Siku utakapounda gari jingine, utakumbuka kupima kwanza."

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mtoto aliyezoea kuziba ufa wa nusu sentimita mezani kwake, mbele ya wazazi wasiomcheka, hatauogopa ufa wa nusu mita siku atakapopewa daftari, ramani au gari la watu.