Mwanafunzi Achague Enkoda Mwenyewe

Katika mashindano ya roboti ya wanafunzi yaliyoanza Marekani mwaka 1992, timu nyingi leo hutumia magurudumu manne, kila moja likisukumwa na mota moja na kugeuzwa na nyingine. Enkoda hupima pembe ya gurudumu. Enkoda ya kuhesabu tu huanza upya kila iwashwapo; ya pembe halisi hutambua mara moja gurudumu limeelekea wapi. Mwalimu mwenye haraka hutaja jibu. Hilo ni kosa. Heri wanafunzi wazime mtambo, wageuze gurudumu kwa mkono, wawashe tena, kisha walinganishe vipimo. Magurudumu yakivutana, watajua sababu. Ndugu mwalimu mtarajiwa, hata katika hesabu za darasa la tatu, jibu la kupewa hupotea upesi; lililotafutwa hudumu.