Siku zimetimia, mtoto bado mbichi

Wadau, leo naomba niwachokonoe na habari ya farasi. Ndiyo, farasi! Msishangae, mtu wa ualimu naye ana haki ya kusoma nje ya silabasi.

Farasi jike hubeba mimba siku 340 hivi, yaani miezi 11. Akizaa kabla ya siku 320 kila mtu anajua huyo ni njiti, anaangaliwa kwa makini. Hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni kwa yule anayezaliwa siku ya 345, mwenye farasi anachungulia kalenda, anatabasamu, anaenda kulala. Kumbe mtoto mbichi! Kalenda inahesabu siku, haihesabu chakula kilichopita kwenye kondo la nyuma. Kondo likiwa na ugonjwa, au mapacha wakigombania nafasi, mtoto anakaa tumboni muda wote na bado anatoka hajakomaa.

Na dalili zipo jamani. Mdogo, mwembamba, manyoya mafupi laini kama hariri. Paji la uso limetuna, masikio yamelegea. Kano za miguu hazina nguvu, basi anakanyagia nyuma ya kwato huku ncha ikiangalia juu. Mtoto mzima husimama ndani ya saa 1 na kunyonya ndani ya saa 2. Huyu anahangaika tu, na akikosa dang'a siku ile ya kwanza amekosa kinga, maana kwa farasi kinga ya mama haipiti kwenye kondo.

Kinachonitisha zaidi ni kisichoonekana. Vile vifupa vidogo vya goti la mbele na kifundo cha mguu wa nyuma vinaweza kuwa bado gegedu, mpaka upige eksirei ndiyo ujue. Sasa mtu anaona katoto kamesimama, anakaachia kakimbie na mama yake. Uzito unaviponda, vinakaa upande, farasi anakuwa kilema maisha yake yote. Eti "acha afanye mazoezi, atapata nguvu". Nguvu ya wapi? Huyo anatakiwa akae kwenye banda dogo, apigwe picha tena, vifupa vikishakomaa ndiyo atoke.

Kwa punda ndiyo balaa, maana mimba yake ni miezi 12 hivi na inaweza kupitiliza, na mara nyingi tarehe ya kupandwa hakuna aliyeiandika. Ndugu zangu wa Lamu, ninyi kalenda haiwasaidii kabisa, ni kumtazama mtoto mwenyewe: manyoya, masikio, miguu. Aliyewahi kupata wa namna hiyo atuambie alimleaje.